Gari Lililokaa Juu ya Matofali

Swali lililoninyima usingizi masika yote ya mwaka jana lilikuwa moja tu: gari lingepita, au lisingepita? Nitakueleza lilikotoka. Ukitaka usiamini, ni haki yako. Hata mimi ningesimuliwa ningetafuta sababu. Ila haya yalinikuta mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, hapa Katindiuka pembeni ya Ifakara.

Kaka yangu Festo anafanya kazi migodini. Krismasi alikuja nyumbani na gari la spoti, jekundu, milango miwili, la chini kiasi kwamba kuku akitaka kupita uvunguni anainamisha kichwa. Likizo ilipoisha mvua zilikuwa zimechanganya. Akaogopa barabara, akapanda basi, mimi akaniachia ufunguo.

"Mdogo wangu, lilaze vizuri mpaka Juni," alisema. "Si wewe ndiye msomi."

Nikalilaza kisomi. Ghala la mama la mpunga huwa tupu masika, maana mpunga wenyewe bado uko shambani. Nikamwaga pumba kavu sakafuni zinyonye unyevu, nikaliinua kwa jeki kona moja moja, nikapanga matofali ili matairi yasiguse chini. Betri nikaitoa na kuiweka chumbani kwangu. Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sina, muda wa kuwaza ninao. Kila Jumamosi nilikwenda kukagua kama panya hawajatafuna nyaya.

Jumamosi moja ya Aprili, kama saa tisa alasiri, mvua ilikuwa inapiga bati mpaka husikii unachokiwaza. Nikageuka, nikamwona mzee amesimama karibu na taa ya mbele ya gari. Yuko peku, koti la kijivu linachuruzika maji, fimbo ya kuchungia mkononi. Sikumsikia akibisha hodi. Nikasema moyoni, ni mvua hii.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Alisema kwa lafudhi ya Kisukuma, "Binti yangu yuko kwenye uchungu tangu asubuhi. Nyumba ya pili ukishavuka kalavati. Lete gari tumpeleke hospitali."

Nikamweleza kwa adabu. Gari si langu. Betri imetolewa. Limeinuliwa. Maji yamefunika kalavati. Atafute bodaboda.

"Bodaboda wameogopa maji."

"Na hili ni la chini kuliko bodaboda, mzee wangu."

Akalitazama gari pale juu ya matofali yake. "Kwani linaumwa?"

"Hapana. Limepumzishwa."

"Limepumzishwa," alisema. "Limetoka kulima wapi?"

Siku nyingine ningecheka. Nikampigia kaka, hakupokea. Nikamwambia mzee tungoje apige yeye. Unaona nilivyo? Kulishusha gari na kufunga betri ni kazi ya nusu saa. Mimi nikasimama pale nikijiuliza injini ikinywa maji nitamwambia nini kaka, tukikwama katikati na mwanamke mwenye uchungu itakuwaje, na vipi kama mzee huyu ni mwizi tu aliyebuni maneno? Nikatazama tena simu. Nilipoinua kichwa, hayupo.

Nikatazama chini. Kama umewahi kufanya kazi ya mpunga, unazijua pumba: ukizikanyaga na miguu yenye maji zinakung'ang'ania mpaka vifundoni, na ulipopita panabaki alama. Pale aliposimama zilikuwa kavu, zimelala kama nilivyozisambaza. Hapakuwa na hata tone moja.

Pengine unadhani nilikimbia. Sikukimbia. Nilikaa kwenye gunia tupu nikatafuta maelezo mpaka giza likaanza kuingia.

Nyumbani nikamsimulia mama. Habari za gari hakuziuliza kabisa.

"Shikamoo yako aliitikia?"

"Hapana."

Akaweka ungo chini. "Nyumba ya pili baada ya kalavati ni kwa Kabula na mumewe. Baba yake, mzee Masanja, tulimzika masika ile ulipokuwa chuoni."

Nikaanza kueleza kuhusu pumba. Akanikatiza. "Awe mzimu, awe mtu, mwanangu, amekuambia kuna mwanamke ana uchungu. Ulikwenda?"

Nikarudi mlangoni. Tulitoka wote kwenye mvua ile ile, na kabla ya kufika kwenye maji tukapewa habari. Mumewe alikuwa amempakia Kabula kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Ng'ombe walikataa maji mara mbili. Hospitali walifika jioni. Kabula aliokolewa, mtoto hakuwahiwa.

Saa tatu usiku kaka akapiga. Nilipomaliza kumweleza alisema, "Ungewasha tu, mdogo wangu. Lile ni bati."

Nadhani angenitukana ningelala. Kilichobaki kunitetea kilikuwa yale maji. Kama gari lisingepita, basi sikumnyima mtu kitu. Nikamtafuta mume wa Kabula, nikamuuliza maji yalifika wapi siku ile. Hakuniuliza ya nini. Alinionyesha kwenye gurudumu la mkokoteni, chini kidogo ya kitovu cha gurudumu lenyewe. Nikakata kijiti cha urefu huo. Kila mvua iliponyesha nilikwenda kukisimamisha juu ya kalavati. Watu walidhani nimepata kazi ya serikali.

Wiki ya tatu maji yakafika kwenye alama. Nikarudi ghalani, nikafunga betri, nikatoa matofali. Sikutazama saa, ila najua ilikuwa chini ya nusu saa. Nikaingia kwenye maji kwa gia ya kwanza bila kuachia mafuta. Yaliingia mlangoni yakanilowesha miguu, injini ikakohoa, nikapiga kelele peke yangu kama mwendawazimu.

Lilipita.

Kabula alikuwa kibarazani, amefunga kanga kiunoni, anaangalia gari jekundu likichuruzika uani kwake. Nilikuwa nimepanga kwa siku nyingi namna ya kuanza. Nikasahau yote, nikamwambia kama yalivyokuwa, pamoja na simu, pamoja na kungoja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba alikuwa anachechemea?" aliuliza.

Nikafikiri. "Hapana. Alisimama vizuri."

"Basi mguu umepona," alisema, akaingia ndani. Hakunikaribisha, wala sikustahili.

Masika hii gari liko ghalani tena, lakini limekanyaga chini kwa matairi yake, pua imetazama mlango, betri ndani, ufunguo kwenye msumari ambao hata mama anaufikia. Kaka amekubali matairi yaharibike. Nawe, ukijiwa na mtu ambaye miguu yake haishiki pumba, usihangaike kujua ni nani. Sikiliza amekutuma wapi, uende. Juzi mvua ilipiga, nikasikia hodi mlangoni. Sikuuliza ni nani. Niliuliza ni wapi, nikiwa tayari nimeshika ufunguo.