Neno Lililokatwa Katikati

Watu wa shamba la Bwana Filimbi walikuwa na utani wao: Kipketer akikukuta unacheka peke yako, atakuuliza unacheka na nani. Alikuwa nyapara wa wachuma maua ya pareto, juu huko kati ya Molo na Elburgon, ambako baridi ya asubuhi huuma vidole mpaka jua lipande. Kikapu cha maua kilipoletwa kwenye mizani, alitumbukiza mkono hadi chini akitafuta mawe. Mara nyingi hakupata kitu. Hilo halikumfundisha kuwaamini wachumaji. Lilimfundisha kwamba wamezidi ujanja.

Shule hakuiona. Kikwao, yaani Kikipsigis, alikuwa msemaji hasa. Ndugu wakigombania ng'ombe wa mahari walimwita yeye, naye aliwapatanisha kwa maneno laini kama samli. Lakini Kiswahili alikipata kwa mabwana wa Kizungu, na kilikuwa Kiswahili cha kutuma na kutumwa: lete, peleka, simama, upesi, kwisha. Akivuka kizingiti cha nyumba yake asubuhi, ule ufasaha wote aliuacha jikoni kwa mkewe. Kwa hiyo aliamini kwamba Kiswahili hakina fikira ndani yake, na kwamba mtu anayekisema kwa urefu ana jambo analolificha.

Mwalimu wa shule ya shamba alikisema kwa urefu. Jina lake Ephantus Ndung'u, kijana wa Kikuyu aliyesomea kwa wamisheni, shati lake moja jeupe likifuliwa kila Jumamosi. Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu, wakati wa hali ya hatari. Wakikuyu wengi wa shamba lile walikuwa wamekwisha kupakiwa kwenye malori na mabunda yao, wakapelekwa wasikokujua. Ndung'u alibaki kwa kibali kilichotiwa sahihi na Bwana Filimbi, kwa sababu hakupatikana mwalimu mwingine wa kuivumilia baridi ile. Darasa lilikuwa banda kuukuu la kukaushia maua, kuta zake za mabanzi, na ndani walikaa watoto wa Kipsigis, wa Kibukusu, wa Kiturkana na Wakikuyu wachache waliosalia. Lugha iliyowakutanisha ni Kiswahili, na kwa hicho aliwafundisha kusoma.

Chelagat, binti wa Kipketer, alikuwa mmoja wao. Siku moja baba yake alikwenda kusimama mlangoni pa banda watoto walipokuwa wanatoka.

"Mwalimu. Toto yangu nasoma nini hapa?"

"Anasoma vizuri, mzee. Chelagat ana kichwa chepesi sana."

"Kizungu iko?"

"Kizungu kitakuja. Kwanza asome kwa maneno anayoyajua, mzee. Mtoto hapandi ghorofani kabla ya kupita mlangoni."

"Kiswahili ni ya kutumwa," Kipketer akasema.

Mwalimu akacheka, bila ubaya. "Lugha haitumwi, mzee Kipketer. Watu ndio hutumwa."

Kipketer hakulishika lile neno. Alichoshika ni kicheko. Akaenda zake akikitafuna njia nzima: Mkikuyu huyu amenicheka mbele ya mtoto wangu. Mbona anawanyima Kizungu? Mbona anafundisha kwa lugha ambayo Bwana mwenyewe haijui vizuri? Tangu hapo akawa hapiti karibu na banda bila kupunguza mwendo.

Zilikuwa siku mbaya, na lazima tukiri hivyo kabla ya kumhukumu mtu. Aliyenyamaza alishukiwa kwa kunyamaza, aliyesema akashukiwa kwa kusema. Wawili wakizungumza Kikikuyu kisimani, mtu wa tatu aliondoka na ndoo tupu. Hata hivyo si kila mtu wa siku zile aliuza jirani yake. Mtu hulaumiwa kwa alichokifanya, wala siku hazisimamishwi kizimbani badala yake.

Asubuhi ile Kipketer alikuwa akipita nyuma ya banda aliposikia sauti za watoto zikitoka katika nyufa za mabanzi, zikipokezana, upande mmoja na upande mwingine.

"Ma!"

"U!"

"Ma!"

"U!"

"Tena!" ilisikika sauti ya mwalimu. "Kwa nguvu, bado mnanong'ona!"

"Ma! U! Ma! U!"

Kisha kimya. Kimya hicho ndicho kilichompiga Kipketer kuliko makelele. Alisimama. Jina la waasi wa msituni, ambalo watu wazima walilisema kwa kuziba mdomo, watoto walikuwa wanafundishwa kulipaza. Na sauti mojawapo, aliijua vizuri, ilikuwa ya Chelagat.

Angeweza kufungua mlango. Hatua chache tu, angeona ubao, angeuliza. Hakufungua. Aliwaza: nikiuliza atanicheka tena, nikinyamaza atatokea mwingine wa kusema kwamba nyapara alisikia akaficha. Akageuka akaelekea nyumba kubwa.

Bwana Filimbi, aliyeitwa hivyo kwa tabia yake ya kupiga mluzi akikagua mashamba, alimsikiliza akiwa amesimama barazani.

"Wewe nasikia kabisa?"

"Mimi nasikia, Bwana. Mwalimu nasema sema Mau Mau. Toto yote nasema."

Bwana hakupiga mluzi. Aliingia ndani, na kabla ya chakula cha mchana lilikuja gari lenye askari. Ndung'u alitolewa darasani mikono ikiwa bado na chaki. Aliwatazama wachumaji waliosimama kwenye matuta, akamwona Kipketer, akafungua mdomo kama atakayesema jambo. Askari akamsukuma garini. Gari likashuka kuelekea Nakuru.

Jioni wachumaji walipopima maua, hakuna aliyemsalimia nyapara. Cheptoo tu, mwanamke mzee asiyeogopa mtu, ndiye aliyeweka kikapu chake chini akanyoosha kidole kwenye safu ya milima.

"Kipketer, ule pale nao unaitwa Mau. Tangu babu zetu. Kamlete Bwana, aufunge pingu."

Wanawake wakacheka kwa chini. Kipketer akatumbukiza mkono kikapuni mwake akatafuta mawe.

Nyumbani alimkuta Chelagat ameketi mlangoni, hataki kula. Mama yake, Cheptanui, alikuwa akikoroga uji bila kuinua macho.

"Baba," mtoto akauliza kwa lugha ya nyumbani, "mwalimu amekosa nini?"

"Amewafundisha neno baya."

"Neno gani?"

"Unalijua. Nilikusikia ukilisema kwa sauti."

Chelagat akamkazia macho, hajui. Kisha uso wake ukabadilika polepole. "Leo tulikuwa tunasoma *maua*, baba. Hayo unayopima. Neno hukatwa vipande. Upande wetu tulisema *ma*, upande wa pili wakasema *u*. Kipande cha mwisho kilikuwa cha Kipkoech. Aliitwa ubaoni akiandike, akasahau, tukarudia na kurudia tukimngoja. Alipoandika *a*, tukaimba neno zima."

"Mimi sikusikia neno zima."

"Ulikuwa umeondoka?"

Cheptanui aliacha kukoroga. Akaepua uji, akampa mumewe mgongo.

Kulipokucha alirudi barazani. Sifa hiyo tusimnyime: alijua kazi yake ingeweza kuishia pale, na alikwenda. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno kichwani, maneno mazuri, yenye mwanzo na mwisho, jinsi neno linavyokatwa, jinsi sikio linavyomdanganya mtu mwenye moyo mchafu, jinsi alivyomkosea mwenzake. Lakini aliyapanga kwa Kikipsigis. Alipofika mbele ya Bwana na kuyatafuta kwa Kiswahili, hayakuwako.

"Bwana, mwalimu hapana sema ile. Yeye nasema maua."

"Jana wewe nasema Mau Mau."

"Ndiyo, Bwana. Ma, u. Lakini iko ingine nyuma. Iko *a*."

"A nini?"

"A... tu, Bwana."

Bwana Filimbi akamsogelea. "Nani natisha wewe? Watu yake nakuja kwako usiku?"

"Hapana, Bwana! Mimi nasikia..." Alitaka kusema "vibaya", nusu nusu, kwa roho ya kushuku. Ulimi ukamletea ulichozoea. "Mimi nasikia. Kwisha."

"Basi. Kwisha," Bwana akasema. "Rudi kazi."

Akarudi kazini. Katika lugha aliyoidharau hakuwahi kutafuta neno la kuomba radhi, kwa kuwa hakudhani angelihitaji. Wenye kuwafundisha watoto amri pekee wayatafakari haya.

Ndung'u alikaa kambini Nakuru akihojiwa mpaka mvua za masika zikapita. Habari zikaja kwamba hakupatikana na kosa, lakini kibali chake hakikurudishwa. Walimpeleka upande wa Nyeri, na hakuonekana tena Bonde la Ufa.

Shule ilifunguliwa na mwalimu mwingine, mtu mwoga. Hakutaka neno likatwe, wala watoto waongee lugha yoyote ambayo Bwana hakuielewa vizuri. Aliwafundisha Kizungu, sentensi nzima nzima, wakizikariri kama kasuku huku mlango ukiwa wazi ili kila apitaye asikie. Kipketer alikuwa amepata alichokuwa akikitaka. Jioni moja alimwomba binti yake aseme Kizungu kidogo. Chelagat akasema sentensi ndefu, bila kosa, kwa sauti moja.

"Maana yake nini?"

"Hatukuambiwa."

Hata hivyo mtoto yule hakuacha kusoma. Cheptanui alijua, maana alimkuta mara nyingi nyuma ya ghala na kipande cha gazeti la Kiswahili kilichofungiwa sukari dukani, akikata maneno kwa midomo yake, kipande kwa kipande, mpaka yanaungana. Kipketer naye alikuja kumkuta hivyo. Alikuwa anapita, akasikia mnong'ono. Safari hii alipiga kona akaenda kutazama.

Chelagat alikuwa amekwisha kukunja gazeti na kulikalia.

"Soma," baba akasema kwa upole, kwa lugha ya nyumbani, aliyoijua vizuri. "Nisomee. Nataka kusikia neno zima."

"Sikuwa nasoma, baba."

"Nimekusikia."

Mtoto akatazama chini, midomo ameibana.

"Umesikia nini?" akauliza.

Kipketer akaanza kulitafuta neno la kuomba radhi, kwa lugha zote mbili.