Mafuta ya Shangazi Daforoza

Harufu ya mawese yanayochemka haifanani na ya mafuta mengine. Ni nzito, inakaa kwenye nywele na kwenye kanga mpaka kesho yake, na mtu aliyekulia nayo hawezi kuikosea. Juzi juzi ilinikuta Mpanda mjini, nikipita mbele ya mgahawa mpya wa chipsi na kuku, ule wenye vioo na feni na vijana waliovaa kofia nyekundu. Nilisimama ghafla. Kisha, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikaanza kuchungulia dirishani nione wanakaangia nini hasa.

Msinishangae. Mimi ni mtu wa kushuku. Soda iliyofunguliwa nisipoona siinywi, na mishikaki ya njiani naila kwa macho tu. Nyumbani wananicheka. Lakini tabia hii sikuzaliwa nayo. Niliipata mtaani Ilembo nikiwa darasa la nne, kwenye banda la chipsi la shangazi yangu.

Shangazi Daforoza, dada yake baba, aliishi nasi, na alikuwa amejenga banda la mabati karibu na kijiwe cha bodaboda. Baba alikuwa akilima mbali na nyumbani tukibaki sisi na mama, na sufuria yetu ilitegemea lile banda. Chipsi zake ziliiva rangi ya dhahabu iliyokolea, nje zikavunjika kwa mlio, ndani laini, na hata zikipoa hazikulegea. Wenzake wa ng'ambo ya barabara walitoa chipsi nyeupe, zimelala kwenye kabati la kioo kama watu waliokesha msibani. Madereva wa bodaboda waliacha abiria wakinung'unika ili wamalizie chipsi mayai za Shangazi.

Alikuwa na mazoea yake. Kabla ya kumkabidhi mteja sahani, alichoma kipande kimoja kwa njiti, akakila yeye mwenyewe, mbele ya macho ya mteja, ndipo akaisogeza. Watu walikiita kodi ya Shangazi. Mimi niliona ni uroho tu, na nilimwonea aibu.

Lililonisumbua zaidi ni mafuta. Hakuna mteja aliyewahi kumwona akiyamimina kutoka kwenye dumu. Dumu lilikuja na gari la dagaa kutoka Kapalamsenga, kule ziwani, limevalishwa kiroba, likinuka samaki, likaingia moja kwa moja jikoni kwetu. Asubuhi alijifungia humo akachemsha peke yake, moshi ukatoka chini ya mlango mpaka kuku wakahama ua. Ukimuuliza anafanya nini, anakujibu anapika. Ukimuuliza mama, anakwambia ya jikoni hubaki jikoni. Sasa mwambie mtoto maneno hayo halafu umtegemee alale.

Masika yale transfoma ya mtaa wetu ikafa, tukarudi kwenye vibatari. Hapo ndipo Kulwa alipofungua mdomo. Kulwa alikuwa fundi pikipiki wa pale kijiweni, mpole, mlaji mzuri, na aliyependa kujua mambo kuliko wote waliokuwepo. Akasema huko mijini wakaanga chipsi wanaiba mafuta ya transfoma, kwa sababu hayachoki upesi na chipsi zinakauka vizuri. Akasema hivyo mikono yake ikiwa imelowa oili mpaka kwenye viwiko, wala hakuna aliyemuuliza ya kwake yametoka wapi. Watu wakageuka kutazama karai la Shangazi. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja.

Niliogopa, sitaki kuwaficha. Niliogopa Shangazi ni mwizi na askari watakuja kumchukua. Niliogopa zaidi kwa ajili ya tumbo langu, maana chipsi nilizokwisha kula nisingeweza kuzirudisha. Kwa muda nikakataa kugusa kijiko cha bati, nikiamini umeme umo ndani yangu na utapata pa kutokea. Dumu lile nililizunguka kama mbuzi anavyomzunguka nyoka. Harufu yake niliijua tangu zamani, lakini hofu ikishakushika hata pua inakudanganya.

Wateja wakapungua, kisha wakahamia kwenye zile chipsi nyeupe. Shangazi alikaanga, zikapoa, tukazila wenyewe na ugali. Hakujitetea. Hilo ndilo lililonimaliza. Kwa akili yangu ya kitoto, mtu asiye na kosa hupiga kelele.

Jumamosi moja alasiri mwenyekiti wa mtaa akaja bandani na Kulwa na madereva kadhaa. Alikuwa mzee mwenye adabu. Akatangulia kusema kwamba hakuna anayemtuhumu mtu, na kwetu neno hilo likisemwa ujue umeshatuhumiwa. Akaomba tu kuliona dumu.

Shangazi akamtazama mama, na mama akatikisa kichwa, kidogo sana, kumkataza. Nikajua sasa ni kweli.

"Nyie mnataka kuliona," Shangazi akasema mwishowe. "Haya, mtaliona."

Akalileta mwenyewe, akalivua kiroba, akamimina kwenye kikombe cha plastiki. Yalitoka mekundu, mazito, yakishuka taratibu. Akapiga funda kubwa, akafuta mdomo, ndipo akampa mwenyekiti kile kikombe. Mzee akachovya kidole, akalamba.

"Mawese," akasema.

Kulwa alicheka kwa kupumua, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Sasa Shangazi, mbona hukusema toka mwanzo? Mtu anaficha mawese kama anaficha gongo?"

"Nilishawahi kusema," akajibu.

Dereva mmoja, kijana tu, wala hakuwa na nia mbaya, akadakia: "Kumbe siku zote tunakula chipsi za wakimbizi."

Wakacheka. Mama akaangalia chini. Shangazi akawasha mkaa.

Mimi niliona mambo yamekwisha vizuri, nikakimbia kucheza. Ilinichukua miaka kujua nilichokuwa nimekiona. Shangazi alizaliwa makambini Katumba, kwa wakimbizi wa Burundi, ambao mawese ndiyo mafuta yao. Burundi aliijua kwa masimulizi ya bibi tu, na uraia alishapewa pamoja na sisi wote. Banda lake la kwanza, kabla ya Ilembo, alikaangia mawese mekundu bila kuficha, mpaka neno lile lile la yule dereva likamkimbizia wateja. Ndipo akajifunza kuyachemsha mpaka wekundu ufe na harufu ipungue, akayachanganya na alizeti, akanyamaza. Neno moja tu, mawese, lingemwokoa na shutuma ya wizi, na neno hilo ndilo alilokuwa akilikimbia. Afadhali wamdhanie mwizi kuliko wamdhanie mgeni. Nikilifikiria hilo mpaka leo nakasirika.

Wateja walirudi. Kulwa alikula sahani mbili kwa kujirudi. Na kuanzia wiki ile Shangazi hakujifungia tena jikoni. Alimimina mawese mekundu bandani mbele ya kila mtu, na aliyetaka kusema alisema huku akitafuna.

Basi nikaingia kwenye ule mgahawa wa vioo. Ukutani wameandika kwa maandishi makubwa kwamba chipsi zao ni za mawese, ladha ya asili, na foleni ilifika mlangoni. Hakuna aliyemuuliza mwenye mgahawa anatoka wapi. Nikanunua, wakanifungia kwenye boksi, nikampelekea Shangazi Ilembo. Siku hizi miguu inamsumbua, anashinda kwenye mkeka.

Akafungua boksi, akanusa, akatabasamu. Kisha akaniuliza: "Aliyekupa alikula kwanza?"

Nikasema hapana. Akatikisa kichwa kwa huruma. Hapo nikakumbuka wazee wa kwetu Katumba, jinsi mwenye nyumba anavyokunywa funda la kwanza la pombe ili mgeni ajue haina sumu. Wateja wale wote wa kijiweni alikuwa akiwakaribisha nyumbani kwake, sahani kwa sahani, na sisi tulidhani anadokoa.

Akachukua kipande kimoja, akakitafuna polepole mbele ya macho yangu, akameza. Ndipo akanisogezea boksi, nami, nisiyekula chochote kabla ya kukichunguza, nikala.