Mikebe ya Mbaazi Dirishani kwa Mulei

Mulei wa Nunguni alikuwa mpiga picha hodari, na mimi niliyeshona nguo chumba cha pili siwezi kumnyima sifa hiyo. Ubaya wake ni kwamba alitaka kuwa mjanja kuliko soko zima.

Mwaka wa 1979 kazi ilimlegea. Basi akachukua picha za wasichana waliokuja kupigwa kwa shughuli zao, akazibandika dirishani mbili mbili, na chini ya kila moja akaning'iniza mkebe. Mpita njia alitia punje ya mbaazi kwenye mkebe wa yule aliyemwona mrembo zaidi. Siku ya soko watu walijaa kibarazani, na vijana wakaingia kupigwa picha zao. Hata wasichana wengine wakaja wenyewe kuomba nafasi. Nilipomuuliza kama wale wa kwanza walikubali, alinicheka.

"Filamu ni yangu, karatasi yangu, dirisha langu," alisema. "Wewe shona."

Mmoja wao alikuwa Kalondu, binti wa mzee Ndeti. Alipigwa picha ile ampelekee mchumba wake aliyefanya kazi Mombasa. Mbuzi wa ntheo walikuwa wameshaletwa kwao, na kwetu Ukambani msichana akishaletewa mbuzi hao ana wenyewe. Haweki mtu sura yake mbele ya wanaume ili wachague. Mulei, Mkamba mwenzetu, alilijua hilo tangu utotoni, ila kuuliza kungemharibia mchezo.

Shangazi wa mchumba alikuja kununua viazi, akakuta mkebe wa Kalondu una punje chache na wanaume wazima wanaichambua pua yake. Akaenda moja kwa moja kwa Ndeti.

"Kwani mmemrudisha sokoni?" akauliza. Haukupita muda, wakwe wakaja kuchukua mbuzi wao.

Mulei akaibandua picha upesi. Haikusaidia kitu, kwa sababu watu sasa walikuja kutazama pengo na kuelezana lilikuwa la nani. Hapo ndipo aibu ilipomwingia. Alianza kupita njia ya nyuma akienda kanisani. Mwishowe akavuta mbuzi wa faini mpaka kwa Ndeti, nami nikamsindikiza niwe shahidi.

Ndeti hakumtazama huyo mbuzi. "Hii wazee watakula tu waende," alisema. "Lakini si mimi uliweka kwa dirisha. Ongea na yeye."

Kalondu akatoka jikoni, hakuketi. Mulei akamkabidhi picha na negativu yake, akasema hakuwa na nia mbaya, ilikuwa ni kutafuta wateja tu.

"Baba Mutindi," msichana akasema polepole, "mimi na msichana wako Mutindi tuko rika moja. Na yeye umempiga picha mingi. Mbona hukumuweka?"

Mulei aliinamia kofia yake. Nilitamani aseme uongo wowote, hata wa kitoto, tuondoke pale.

"Niliogopa watamcheka," akasema.