Aligawa Mbegu kwa Furaha, Sasa Anabisha Hodi Kuzidai

Umande bado haujakauka kwenye majani pale mama mmoja mwenye ndoo tupu anaposimama mbele ya lango la bati na kubisha hodi. Ndani, redio inaimba. Anabisha tena. Redio inazimwa.

"Nakusikia, jirani!" anasema, mdomo karibu kugusa bati. "Redio haijizimi yenyewe. Fungua, sijaja kukopa."

Kikohozi kilichokuwa kimebanwa kwa muda kinaponyoka, na lango linafunguka.

"Shangazi, zile mbegu tulizila," anasema mwenye nyumba kabla hata ya salamu.

"Mlikula mbegu za tango?"

"Tulikuwa na njaa."

Mgeni anatupa jicho nyuma ya bega la mwenyeji wake. Kwenye msumari ukutani kinaning'inia kifuko kidogo cha kitambaa cha maua. Anauliza kina nini. Anaambiwa vifungo vya shati. Anaingia, anatia mkono, na kiganja kinatoka kimejaa vifungo vyeupe, vyembamba, vilivyochongoka ncha.

"Vifungo vyako hivi vitaota," anasema, na kuvimimina kwenye ndoo.

Hapo ndipo wote wawili wanapocheka, na salamu zinafuata, na chai inakaribishwa. Shangazi anaikataa. Ana nyumba nyingine nne za kupitia, na moja kati ya hizo hataki hata kuifikiria.

Watu wote hapa wanamwita Shangazi Mbegu. Ni mkulima wa matango na maboga kwenye vitalu vya kando ya kijito, na tangu alipoolewa amekuwa na desturi yake mwenyewe: akioa mtu, anampelekea mbegu. Akizaliwa mtoto, mbegu. Akihamia mpangaji mpya, hata kabla hajatandika kitanda, mbegu. Mumewe, fundi cherehani, alimshonea vifuko kwa mabaki ya nguo za wateja, kiasi kwamba kuna mwalimu aliyepokea mbegu za maboga ndani ya kipande cha suruali yake mwenyewe.

"Hakuna mtu aliyewahi kurudisha," anasema Shangazi. "Sasa nazitaka mwenyewe, na kila nikibisha naambiwa kuna mgonjwa."

Kisa chenyewe kilianza na kikombe cha chai. Bibi shamba, msichana mpole aliyepangiwa eneo hili mwaka jana, alikuja kwa Shangazi kutazama nyanya chache za uani. Alipokaribishwa sebuleni aliona mezani, juu ya kitambaa cheupe, matango matatu yenye vidonda, yamelala kama wageni wa heshima. Kila kidonda kilikuwa kimetoa tone la utomvu unaonata.

"Shangazi, haya ya kutupa mbona umeyatandikia kitambaa?" aliuliza.

"Ya kutupa? Mwanangu, hayo ndiyo ya mbegu!"

Bibi shamba aliweka kikombe chini.

Shangazi akamweleza, kwa fahari ya mtu anayetoa siri ya nyumba, kwamba tango halichaguliwi hovyo. Zuri ni la soko. La mbegu ni lile linalolia, kwa sababu tango linalolia linataka kuzaa. Alifundishwa hivyo na mama mkwe wake mwaka ule ule wa harusi, na naye akawafundisha wengine.

Maskini Shangazi! Kwa miaka yote hiyo, kwa upendo na uangalifu mkubwa, amekuwa akichagua matango yaliyougua kuliko mengine yote.

Bibi shamba anauita ugonjwa huo kigaga. Wakulima wanauita ndui, na ukiliona tango lenyewe huwezi kuwabishia. Chanzo chake ni kuvu, ndugu wa ile inayoota kwenye mkate uliosahauliwa kabatini. Inapenda baridi na umande. Huanza na madoa ya majimaji kwenye majani, madoa yakakauka na kuacha matundu. Kwenye tango changa hufungua vidonda vidogo vilivyobonyea, vinavyotoa utomvu, kisha vikavaa ukoko wa kijani cheusi. Boga halina machozi mengi, lenyewe huota magamba magumu.

"Anayekula hadhuriki," anafafanua bibi shamba. "Tatizo ni kupanda. Kuvu inasafiri na mbegu, na mbegu ukiitazama ni nyeupe, safi, haina doa. Ikishaingia shambani inakaa kwenye mabaki na kwenye udongo, msimu baada ya msimu. Halafu upepo na nguo zetu vinaisambaza."

Anakiri kwamba mwanzoni alidhani ni upepo tu. Kilichomchanganya ni njia zake. Ugonjwa uliruka kilima kizima bila kugusa shamba hata moja, ukatua kwenye nyumba ya maharusi. Ukaacha mtaa mzima, ukaingia kwa mama aliyejifungua mapacha.

"Nikajiuliza, upepo gani huu unaohudhuria harusi tu?"

Hasara haikuwa ya mchezo. Msimu uliopita, kati ya kila kreti kumi ambazo Shangazi alipeleka sokoni, saba zilirudi nyumbani. Jirani mmoja aliyasugua matango yake kwa sabuni ya kufulia. Yalinukia vizuri, na hayakununuliwa. Mwingine aligombana na mkewe, akidai anayakwaruza kwa kucha.

Aliposikia maelezo ya bibi shamba, Shangazi hakula siku ile. Kesho yake alichukua ndoo.

"Wahenga walisema tenda wema nenda zako," anasema huku akipandisha njia ya vitalu. "Mimi nimetenda wema, sasa nakimbia nyuma yake niukamate."

Mumewe fundi hamsaidii sana, ila kwa maneno. "Miaka yote nikidhani nashona vifuko vya baraka," anasema bila kuinua macho kwenye cherehani, "kumbe nashona bahasha za ndui."

Ukusanyaji wenyewe umekuwa sinema. Kuna aliyempa mbegu za nyanya ili aondoke haraka. Kuna mzee aliyesema zawadi hairudi, akamfungia mlango, halafu akamfuata barabarani na kumpa nusu. Mkunga alirudisha kifuko kimefuliwa na kupigwa pasi, kimejaa mbegu za maboga zilizokaangwa kwa chumvi.

"Hazioti tena, Shangazi," alimwambia. "Karibu tutafune."

Kufikia asubuhi hii mbegu za ndoo nyingi zimekwisha kuteketezwa nyuma ya nyumba. Zile tatu zikishapitiwa, imebaki nyumba ile asiyotaka kuifikiria. Ni ya wifi yake, dada wa fundi, ambaye vitalu vyake viko juu kabisa, mahali kijito kinapoingilia. Upepo na maji vyote hutoka kwake kushuka kwa wenzake. Ana debe la mbegu, na wiki ijayo, baridi ikianza, anapanda. Bibi shamba alisema wazi kwamba debe lile likipandwa, kazi yote ya Shangazi imekwenda na maji.

Mara tatu ameombwa. Mara tatu amekataa.

Naongozana na Shangazi, na tunamkuta wifi ameketi uani akichambua maharage. Hasimami.

"Karibuni," anasema. "Mnisamehe, mgongo unanisumbua."

"Mgongo ulikuwa mzima jana sokoni," anajibu Shangazi. "Wifi, umekalia debe."

Ni kweli. Chini ya gauni pana panaonekana ukingo wa bati. Wifi mtu hakatai wala hakubali. Anaendelea kuchambua.

"Basi nitangoja," anasema Shangazi, na kuketi chini mbele yake. "Utakwenda haja siku moja."

Maharage kadhaa yanaanguka kwenye ungo. Kisha wifi anaacha kazi, na sauti inayotoka si ya utani tena.

"Hizi ni za mama, wifi. Mama alipanda, mimi nikapanda. Nikikupa ukazichome, mama atabaki picha ukutani tu. Na kesho watu waseme ndiye aliyewapa ndui."

Shangazi hakuwa amelifikiria hilo. Anaondoa majani kwenye sketi yake moja moja.

"Waambie nimekosea mimi," anasema hatimaye. "Sema mama alinifundisha vizuri, nikashika nusu na kusahau nusu. Nitakubali popote, hata sokoni mbele ya watu. Mama umwache kabisa."

Wifi anamtazama. Mabega yanaanza kutikisika. Mtu angedhani analia, kumbe anacheka.

"Hukusahau kitu, wewe! Alikufundisha vile vile. Mimi nilikuwepo, nafua nguo pale kisimani."

"Sasa unacheka nini?"

"Ulipoolewa kwetu hapakuwa na kitu, wifi. Tango zuri lilikuwa ada yangu ya shule. Lile baya halina mnunuzi, ndilo likabaki la mbegu. Sasa bibi harusi mgeni anauliza, 'Mama, mbona tunaacha mabaya?' Akujibu nini? Akuambie hatuna? Alitunga palepale. Tango linalolia linataka kuzaa! Niliuma midomo mpaka ikauma."

Shangazi anampiga wifi yake kofi la utani gotini.

"Miaka yote hii! Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unalisema kwa heshima mno. Ulilisema hata siku ya mazishi yake. Nikatize hotuba?"

Sasa wanacheka wote, vicheko vya wanawake wanaojuana, mpaka ungo unapinduka na maharage yanatawanyika uani. Lakini kicheko cha Shangazi kinakatika kabla ya cha mwenzake. Anajifuta macho kwa kiganja, na macho hayakubali kukauka. Hakasiriki kudanganywa, anasema. Kinachomuuma ni kitu kingine.

"Kumbe hakuwahi hata msimu mmoja kujiwekea zuri," anasema. "Kaishi na mabaya, akayasifia ili mimi nisijione nimeolewa kwenye shida."

Wifi anafikia debe kwa mkono, bado amelikalia.

"Ndiyo," anasema taratibu. "Hakuwa anayataka haya. Alikosa njia."

Anasimama. Mgongo, inaonekana, umepona.

Wanalibeba wawili, kila mmoja na mshikio wake, hadi kwenye moto alioukoka bibi shamba nyuma ya vitalu. Mbegu zinapomiminwa zinapasuka kwa kelele. Wifi anatazama hadi ya mwisho. Shangazi anamshika mkono.

Mipango sasa inajulikana. Vitalu vya zamani vitapandwa mahindi kwa misimu mitatu. Matango yatahamia kipande kipya cha juu zaidi, mbali na kijito, kikavu, kinachopata jua mapema, kwa mbegu safi za dukani za aina inayostahimili kigaga. Bibi shamba atakagua kila mmea kabla ya mtu kuthubutu kuweka mbegu. Maharusi wa mwaka huu watapewa sufuria, na fundi amekwisha kuuliza kama nayo inahitaji kushonewa kitu.

Nawauliza wataanzaje kuchagua tena, baada ya yote haya.

"Tango la kwanza linalopendeza kuliko yote tutalifunga kitambaa," anasema Shangazi. "Haliendi sokoni, hata aje mnunuzi na lori."

"Nitalilinda mimi," anadakia wifi yake. "Huyu mteja akimsifia tu, anauza."

"Hilo siuzi."

"Utauza."

"Siuzi, wifi," anasema Shangazi, na safari hii hatanii. "Hilo zuri tunamwekea mama."