Mume Wangu Nassor na Jina la Wenzangu

Mwaka ule Waingereza walipoiogopa nyama ya ng'ombe, na sisi wa Wembley tukawa tunakula kuku Jumatatu, kuku Jumanne, kuku wa kupaka mpaka Ijumaa, ndio mwaka nilioaibika mimi, mtu mzima na mvi zangu, mbele ya ukumbi mzima wa skuli, na wala msiniulize kama nilikuwa na haki, sikuwa nayo, nilikuwa na wivu.

Mjukuu wangu Nassor alikuwa na miaka sita. Nimemlea mimi. Mama yake, binti yangu Zuhura, anakwenda kutunza wazee wa watu, mimi namkosha, namlisha, nampeleka skuli na saa tisa namrudisha. Sasa lisikilizeni jina lake: Nassor Bouton. Butoo! (Baba yake Mkongo, kasilimu vizuri, sina neno, ila jina la ukoo kabaki nalo, la babu yao Mbelgiji ambaye hakuwaachia hata sufuria.) Kila nikiliona kwenye daftari moyo unaniuma. Uji nipike mimi, jina liwe la wenzangu!

Na huyo bibi yake mzaa baba, Mama Esperansi wa Woolwich, huja mara moja kwa mwezi na mkoba wa pipi, na mtoto akisikia kengele ya mlango humkimbilia utasema mimi ni fanicha.

Basi siku moja mtoto akaja na barua, Zuhura akanisomea (kusoma kwangu mimi kumeishia kwenye juzuu): kila mtoto alete bibi au babu mmoja aje kueleza jina la ukoo wao. Nikaenda kabatini kulitazama baibui langu jipya. Mara namsikia Nassor, kwa Kizungu chake, anasema anamtaka bibi wa Woolwich kwa sababu jina ni lake.

"Na mimi je?" nikamuuliza.

Akasema mimi nibaki nyumbani nipike. Nikacheka, lakini mate yalinigeuka shubiri.

Asubuhi ya siku yenyewe nikalificha koti lake nyuma ya pazia (ndiyo, nililificha mimi, na baridi ile, Mungu anisamehe), nikampeleka na sweta tu, kisha nikarudi kulichukua ili nipate sababu ya kuingia ukumbini.

Nikamkuta Mama Esperansi kasimama mbele, kitambaa kichwani kama mnara, watoto wamekaa chini midomo wazi. Akatoa kopo la vifungo vya shati akasema hivi kwa Kifaransa ni butoo. Akagusa chunusi ya kidevuni mwake, akasema hii nayo butoo, watoto wakaangua kicheko. Akainua waridi ambalo halijafunguka, butoo. Kisha akaita, "Bwana yangu, kuya huku, zima taa!" Nassor akaenda mbio akabonyeza swichi ukutani, ukumbi giza, na swichi nayo kumbe butoo! Makofi hayo!

Mimi sikusikia makofi. Nilisikia "bwana yangu". Bwana yake? Kwetu na kwao ni mamoja, bibi humwita mjukuu wake mume kwa utani, na mabibi wawili wa mtoto mmoja ni wake wenza, lakini mke mdogo hamwiti mume mbele ya mkubwa wake! Nikasimama na koti mkononi, na kwa Kizungu changu cha kununulia vitunguu nikawatangazia walimu na wazee wote: huyu mtoto ni mume wangu, mke mkubwa ni mimi, na huyo pale ni mke mdogo, huja mara moja kwa mwezi!

Mama mmoja wa Kizungu akamvuta mwanawe mapajani.

Tukapelekwa sote watatu, mimi, yeye na mtoto, ofisini kwa mwalimu mkuu, mwanamke mwenye sauti ya pole, akaniuliza mume wangu ni nani hasa. Nikamwonyesha Nassor. Akauliza ndoa ilifungwa wapi. Mama Esperansi akanishika bega, "Mama, tulia, miye nitamweleza," kisha akamweleza kwa Kizungu kwamba ni kweli kabisa, mtoto huyu ni mume wetu sote wawili. Basi kalamu ya mwalimu ikakimbia!

Saa tisa ikapiga. Kila mtu akachukua mtoto wake, na mimi, mimi wa kila siku, nikaambiwa Nassor hatoki mpaka mama yake afike. Hapo aibu ikageuka hofu. Nikamwona nyuma ya kioo kavaa koti lake, hanitazami. Je, wakiniambia nisije tena kumchukua?

Tumekaa mimi na mke mwenzangu kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kifuani. Akasema polepole, "Mama, weye unamuonaka kila siku. Miye niko na jina tu."



Zuhura akafika mbio na sare yake ya kazi, akaeleza mila zetu, mwalimu mkuu akacheka mpaka akafuta macho, akasema nitaendelea kumchukua mtoto, ila niahidi kwamba pale skuli sitamwita mume tena.

Wenzangu, wivu ukikupanda kaa nyumbani ukatekate vitunguu, na koti la mtoto sifichi tena mpaka naingia kaburini. Hilo nimekubali. Lakini hilo la mwalimu!

"Mama, sema ndiyo tu twende zetu," Zuhura akaninong'oneza. Mke mwenzangu ananitazama, Nassor ananitazama.

Nikasema, "Mwambie, talaka sitaki."

"Mama!"

"Mwambie, talaka sitaki."