Chura wa Pembe Mkandani

Mimi sijawahi kuvuta hata sigara moja, lakini mfuko wa tumbaku ninao. Niliupata kwenye soko la vitu vya kale hapa Toronto. Ni wa ngozi, na una ala ya kiko chembamba cha Kijapani. Muuzaji alinieleza kwamba zamani mavazi ya wanaume wa Kijapani hayakuwa na mifuko, kwa hiyo tumbaku waliining'iniza kiunoni kwa kamba, na kamba ikazuiliwa na kinyago kidogo juu ya mshipi. Mtanashati alijulikana kwa kinyago chake. Changu ni chura aliyechongwa kwa pembe. Nilimpenda papo hapo.

Basi mpwa wangu aliponiomba nimpelekee posa kwa Wakongo wa Dixon Road, nikavaa suti ya kijivu, na chura juu ya mkanda. Kijana akanitazama. "Mjomba, wale ni walokole."

"Na mimi ni mshenga. Ulitaka niende na gunia?"

Tulipofika kwao, mimi na mpwa wangu, hata salamu sijamaliza, mama wa binti akanikodolea macho kiunoni. "Papa, hiyo dawa ya mganga umeileta ndani ya nyumba ya maombi?"

Eti hirizi! Damu ikanichemka. "Hirizi gani, mama? Huu ni mfuko wa tumbaku!"

Nikawa nimeruka majivu, nimekanyaga moto. Mama akainuka, akafungua mlango. Mpwa wangu aliinamisha kichwa, nami nikaona kabisa kwamba ndoa yake inatoka nje pamoja nami. Aibu niliyoisikia siku ile sina mfano wake.

Nikasema ukweli, maana sikuwa na kingine. "Mama, humu hamna hata chembe. Siku sita kwa wiki nasafisha ofisi nikiwa na ovaroli langu, watu wananipita hata salamu hakuna. Huu nauvaa ili siku ya saba nami nionekane mtu."

Baba wa binti alikuwa ameketi kwenye kochi muda wote. Yeye hupakua mizigo kwenye ghala huko Downsview. Akanyoosha mkono, nikampa. Akaufungua mfuko, akanusa, akaukuta mtupu. Kisha akasimama, akapitisha kamba nyuma ya mkanda wake, akamweka chura sawasawa, akachomekea shati vizuri.

"Funga mlango, mama watoto, wageni watapigwa na baridi," alimwambia mkewe. "Halafu uniambie kweli: nimependeza?"