Mboga za Watu

Sijawahi kuchukia chai kama nilivyoichukia chai ya lile boma. Chai yenyewe ilikuwa nzuri, maziwa tele, na mkate umepakwa siagi pande zote mbili. Hapo ndipo shida ilianzia.

Sisi ni wakulima wa huku juu ya Elburgon. Zamani mboga zetu zisizo na dawa za wadudu zilinunuliwa na broka, naye akizipeleka duka moja la matajiri huko Milimani, zinapangwa kwenye friji ya kioo na kuuzwa bei ya nyama. Mtu wa kawaida wa Nakuru alizitazama tu akapita. Ndipo tukakaa chini, maboma machache, tukakubaliana: tukodi lori moja kwa pamoja, kreti ziwe za wote, mdogo wangu wa kike aache mitumba afungue kibanda kule mjini, na broka aende zake. Bei ikashuka mpaka ikakaribia ile ya soko. Wanawake wa ploti za chini, wale wa vyumba vya kupanga, wakaanza kununua. Mdogo wangu aliwaambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hizi hazijaguswa na dawa, na jioni alikuwa na zake alizojiwekea chini ya meza, za kuwapikia watoto wake.

Mkaguzi wa kulipwa ni ghali, na gharama yake inaishia kwa mnunuzi, kwa hivyo tulikuwa tukikaguana wenyewe. Tunaingia shamba la mwenzetu, tunaangalia majani, tunaangalia stoo. Lakini kwetu mgeni haingii shambani kabla ya kunywa chai. Na ukishakunywa chai ya mtu, ukishaiombea na nyumba yake, utaanzaje kufungua stoo yake ukinusanusa kama mbwa? Unaona haya. Unasema shamba liko sawa, Mungu ni mwema, unaenda nyumbani kukama ng'ombe.

Siku ya kukagua lile boma tulikuwa mimi, jirani yangu mmoja, na mwenyekiti wetu, ambaye pia ni mzee wa kanisa. Spinachi ya lile boma ilikuwa na sifa mpaka mjini: pana, laini, haina tundu hata moja. Msimu ule wadudu walikuwa wametumaliza sote, majani yetu yamejikunja, lakini pale hakukuwa na mdudu hata wa kusalimia. Niliinama nikavunja jani. Harufu ikanipanda puani ikakaa kooni, ile ya dawa ya nyanya, inayokufanya uteme mate bila kutaka. Nikauliza ni nini hii. Mwenye boma akasema ni pilipili na jivu, amechanganya mwenyewe. Mwenyekiti akasema amina, sijui nani alikuwa ameomba.

Basi nikasema mama wa boma atupikie hizo hizo, tule na ugali, tushukuru. Mwenye boma akacheka, akasema hakuna shida. Mkewe akachukua karai, nami nikamfuata nimsaidie kuchuma. Akaipita ile spinachi yote, safu baada ya safu, akazunguka nyuma ya jikoni kwenye kashamba kadogo kenye majani yaliyotobolewa na wadudu kama ya kwangu. Nikamwuliza mbona anaacha zile nzuri.

"Hizo ni za watu," akasema, huku akichuma.

Hakunong'ona. Hata hakugeuka. Alisema vile unavyoweza kumwambia mgeni kwamba maji ya lile pipa ni ya ng'ombe. Nilisikia chai ikirudi. Za watu! Kwani mimi na yeye ni nani, na mdogo wangu kule mjini ni nani?

Nilirudi nikayasema mbele ya wote. Mwenye boma akaangalia viatu vyake. Mwenyekiti akanivuta kando, akaniambia mambo kama haya humalizwa polepole. Akanikumbusha kwamba kreti za boma hili ndizo nyingi. Zikikosa, lori litaenda nusu tupu, gharama ituangukie sisi wengine, bei ipande, na wale wanawake wa ploti warudi walikotoka. Tupakie tu hii mara moja ya mwisho, akasema. Haki ya Mungu, alisema hivyo akiwa na makombo ya mkate kidevuni, na hapo ndipo nilichefuka kabisa. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba kuhusu lori alikuwa anasema ukweli.

Asubuhi yake nilifika barabarani dereva akiwa bado anafunga turubai. Kreti za lile boma zilikuwa zimeshapangwa. Nilipanda, nikachomoa kifungu kimoja cha ile spinachi, kizito, kinang'aa, nikampelekea mwenyekiti mbele ya wanakikundi wote.

"Mzee, pelekea mama apike leo jioni. Mle na wajukuu."

Mikono yake ilikuwa ndani ya koti, na ilikaa humo. Watu walimtazama. Jirani yangu, ambaye jana hakuwa amefungua mdomo, akakohoa. Mwishowe mzee akamwambia dereva ashushe kreti za boma lile, akiongea na gurudumu la lori badala ya kuniangalia mimi.

Lori likaondoka na nafasi tupu nyuma. Nilibaki na kile kifungu mkononi, sina hata pa kukitupa, maana popote ningekitupa mbuzi wa mtu angekila. Nilikuwa nimeshinda. Nikakizika kando ya barabara, nikanawa mikono kwa maji ya mtaro.

Mchana mdogo wangu akapiga simu. Wateja wananung'unikia bei, akasema, lakini atawaeleza, wengine watabaki. Kisha akaniuliza kama tumesahau zile za majani laini, zisizo na matundu.

"Hizo ndizo mimi huwekea watoto," akasema.